Usibakize Hata Moja

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mtengeneza gemu alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alizunguka mara mbili mbele ya duka la Kopi akijifanya anatafuta duka la dawa. Uso wa kuingilia hakuwa nao.

Wiki tatu nyuma alikuwa amemwandikia mwenye duka hilo barua. Kopi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa anakuwekea filamu, tamthilia na gemu kwenye flashi yako kwa bei ya soda. Miongoni mwa gemu hizo ilikuwemo ile ambayo dada huyu aliitengeneza peke yake chumbani kwake, miaka mitatu, mgongo ukimuuma na macho yakimtoka maji. Barua ilikuwa kali kama pilipili. Ilimtaka Kopi afute nakala zote, asibakize hata moja, la sivyo wakutane ofisi ya hakimiliki. Chini ya maneno "hata moja" alipiga mstari. Kisha akaona hautoshi, akapiga wa pili.

Sasa Jumatatu iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ya dada huyu ikatoa moshi. Diski ya akiba, ambayo mtu mwenye akili timamu angeiweka kabatini, ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta hiyohiyo. Zikafa pamoja, na gemu nzima ndani yake. Kwenye duka la mtandaoni gemu haikuwepo tena. Aliiondoa mwenyewe kwa hasira baada ya kupata wanunuzi kumi na tisa huku mtaa mzima ukiicheza bure. Aliwaandikia wote kumi na tisa. Waliojibu walikuwa wanne, na wote walishaifuta kitambo.

Gemu yenyewe angeweza kuijenga upya. Kilichomkata maini ni sauti ya mama yake.

Mama yake alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka thelathini. Watu walipiga wakiwa wamepagawa, wakakata simu wakiwa wametulia, hata kama daktari hakupatikana. Lakini kurekodiwa alikuwa hataki. Ujumbe wa sauti hakuwahi kumtumia mtu. "Mimi siwezi kuongea na kitu kisichojibu," alikuwa akisema, na hapo umefika mwisho wa mjadala. Kwenye gemu, mchezaji ni tarishi anayepandisha vifurushi jengo la ghorofa kumi na mbili lenye lifti mbovu. Kabla hajaanza kupanda, mlango wa chini unafunguka na sauti ya mama mmoja inamkaribisha: "Ingia mwanangu, mlango uko wazi. Umekula?" Ili kuyapata maneno hayo sita, binti alilazimika kukaa nyuma ya maikrofoni na kujibu, "Nimekula, mama." Kisha akakaa na kompyuta, akalikata jibu lake mwenyewe. Mama alifariki mwaka jana. Maneno hayo sita ndiyo yote yaliyokuwa yamebaki ya sauti yake.

Akavuta pumzi, akaingia.

Kopi aliporuka kwenye kiti chake nusura aangushe feni. Alichungulia nyuma ya mgeni wake kuona kama kuna polisi.

"Dada, nimefuta! Haki ya Mungu nimefuta! Njoo uone mwenyewe."

Akageuza skrini kwa fahari, kama mwanafunzi anayeonyesha matokeo mazuri. Filamu zilikuwepo mamia. Tamthilia zilikuwepo. Kwenye sehemu ya gemu, pale ilipotakiwa kuwa yake, palikuwa peupe.

"Zote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zote. Hata ile niliyoificha nyumbani."

Dada akaketi kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa.

"Tangu lini wewe unatii barua?"

"Tangu uliponipigia mstari mara mbili," Kopi alisema. "Watu wananiambia siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimehesabu mpaka mia nne, hakuna aliyeniandikia. Yako ilinitia baridi. Kwani vipi? Si ndivyo ulivyotaka?"

Ikabidi amweleze, kuanzia moshi wa kompyuta mpaka maikrofoni. Alipofika kwenye maneno sita, Kopi alianza kukuna kichwa, na akaendelea kukikuna hata alipomaliza.

"Sasa hapo kuna jambo jingine, na usinipige," alisema. "Hata wale niliowauzia hawana hiyo sauti. Mimi kila gemu nakata mwanzo wake kidogo, naweka tangazo langu. 'Kwa Kopi, vyote vipo!' Nilidhani ni salamu tu."

Dada alisimama. Ile hasira aliyoiandikia barua ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii. Mtu aliyeiba nyumba ana nafuu. Huyu alimfukuza na mama mlangoni, akasimama yeye! Alikuwa amefungua mdomo amwambie lake, Kopi akapiga meza kwa kiganja.

"Msusi!"

"Msusi gani?"

"Wa saluni ya pale kwenye kona. Yeye ndiye wa kwanza kuinunua, kabla sijafikiria tangazo. Baadaye nikampelekea yenye tangazo, akanirudishia flashi palepale. Akaniambia wateja wake hawataki kunisikia mimi, wanamtaka mama."

Wakatoka mbio mbio, duka likabaki wazi. Njiani Kopi alianza kupata nafuu mapema mno.

"Kwa hiyo dada, ukiangalia vizuri, mimi kama nimekutunzia."

"Usithubutu. Usingeiba, nisingeiondoa mtandaoni. Ingekuwepo mpaka leo."

"Na wewe usingeandika..."

"Nyamaza, Kopi."

Akanyamaza, kwa kuwa wote wawili walijua sentensi hiyo inaishia wapi.

Saluni ilikuwa ndogo, imejaa mvuke na harufu ya mafuta ya nywele. Msusi alikuwa na kitana mdomoni. Wanawake watatu walikaa chini ya mashine za kukaushia nywele, na mmoja wao alishika pedi ya kuchezea gemu, macho kwenye televisheni. Tarishi alikuwa ghorofa ya saba, anahema.

"Naomba muianze upya," alisema dada, hata salamu hakutoa.

"Aianze upya nani?" aling'aka mwenye pedi. "Nimepanda ghorofa saba kwa jasho langu!"

"Anzisha tu, shoga," alisema Kopi kwa unyenyekevu ambao haukuwahi kuonekana kwake. "Tafadhali."

Mwanamke akasonya, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Dada alishika mgongo wa kiti, akaomba kimya kimya isije ikatoka ile "Kwa Kopi, vyote vipo." Mlango wa jengo ukafunguka polepole, kama alivyouchora.

"Ingia mwanangu, mlango uko wazi. Umekula?"

"Tumekula, mama!" wakaitikia wote wanne kwa pamoja, hata bila kuinua macho. Msusi aliitikia na kitana chake mdomoni.

Dada alilia. Alilia kwa sauti, pale katikati ya saluni, kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe kichwani. Mama yuko. Mama hakupotea. Msusi alitoa kitana, akamshika mabega.

"Jamani, huyu ana nini?"

"Ndiye mwenye gemu," alisema Kopi. "Na huyo ni mama yake."

Mwenye pedi akaiingiza taratibu chini ya khanga, asikutwe na ushahidi wa wizi. Dada alipoona hivyo akaangua kicheko katikati ya machozi, na kicheko kikamzidi nguvu.

"Sisi kila asubuhi tunafungua naye," msusi alisema kwa aibu. "Asiyemjibu hasukwi hapa. Sikujua kama... tulidhani gemu zinatoka tu huko zinakotoka."

"Zinatoka chumbani kwangu," alisema dada, akifuta pua. "Kopi, nakili."

"Lakini barua yako inasema..."

"Nakili! Mbili, tatu, kila flashi uliyo nayo mfukoni. Kisha zote unipe mimi. Barua yangu iko palepale, na mistari yake miwili. Gemu inarudi duka la mtandaoni, na wewe utawaelekeza watu huko." Kisha akamgeukia msusi. "Hii yenu ni halali kuanzia leo. Nimewapa mimi."

Msusi akamvutia kiti. Mwenye pedi akaitoa chini ya khanga, akamtazama dada kumwomba ruhusa, akaianza gemu upya kwa hiari yake. Mlango ukafunguka, mama akauliza tena.

"Nimekula, mama," alijibu dada pamoja na wenzake, na safari hii jibu lake halikuwa la kukatwa.