Hesabu ya Siku ya Hitima

Kaltham alikuwa hodari wa biriani, na hodari zaidi wa maneno. Hata wauza mbuzi wa soko la Ibra, kule Oman, walimwogopa akianza kupatana bei. Lakini siku ile, mbele ya kamati ya rufaa ya baladiya, yaani halmashauri ya mji, mdomo ulimkauka.

Mwaka huo wa 2001, baladiya walimwandikia kwamba anaficha mauzo ya mkahawa wake ili akwepe ushuru, na juu ya ushuru wakamtwika faini. Asipolipa, hapati leseni mpya. Lo! Mkahawa uliosomesha wanawe wote, leo ufungwe hivi hivi?

Na yote haya kisa cha siku moja. Mkaguzi wao, kijana anaitwa Yazeed, alikaa garini nje ya mkahawa, akahesabu watu wanaotoka wameshiba, akaichukua siku ile kuwa ndiyo mwaka mzima. Siku zote asizione, akaiona hiyo! Siku hiyo hakikuuzwa kitu. Ilikuwa hitima ya mama yake Kaltham. Watu walisoma Kurani nyumbani, nyumba ikawa haitoshi, wakaja kula mkahawani. Hakuna aliyelipa hata baisa.

"Una shahidi asiyekuwa ndugu yako, kwamba watu walikula bure?" akauliza Bwana Nadhir, mkuu wa kamati.

Shahidi alikuwapo, tena kakaa pale pale. Siku ya hitima jua lilikuwa kali, Kaltham akamwona kijana garini anatoka jasho, hamjui wala hamtambui, akamwita ndani akampakulia. Kijana mwenyewe ndiye Yazeed.

Hud, kaka yake, akamfinya na kumnong'oneza kwa Kiswahili, si kwa Kiarabu cha ofisini, "Mseme! Huyo si alikula?"

"Nyamaza, wee! Mtu kala hitima ya mama, nije kumtangaza ofisini? Sina uso huo."

"Na mkahawa ukifungwa?"

Kaltham moyo ulimuuma kwelikweli. "Sina shahidi, bwana," akasema.

Bwana Nadhir akashika kalamu. Hapo Yazeed akainuka, uso umemwiva.

"Khalti," akamwita Kaltham kwa heshima, kama shangazi yake, "siku ile ilikuwa hitima?"

"Hitima ya mama yangu, Bi Azza."

Kijana akamgeukia mkuu wake. "Bwana, mimi nilikula. Nilitoa pesa, wakazikataa. Nikadhani wamenijua, wanataka kuninunua kwa sahani ya wali. Nikaona haya kuyaandika."

"Na wengine uliwaona wakilipa?"

"Niliwaona wakitoka tu."

Bwana Nadhir akamtazama. "Na wewe mwenyewe umo katika hesabu?"

"Nimo, bwana. Nilijihesabu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Bwana Nadhir akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika, akapiga muhuri: rufaa imekubaliwa, faini imefutwa. Hud akaruka kwenye kiti kama mtoto siku ya Idi.

Yazeed peke yake hakucheka. Akamsogelea Kaltham. "Khalti, nimekula hitima ya mama yako, wala sikumwombea."

Pale pale, kati ya mafaili, akainua mikono. Bwana Nadhir akaweka kalamu chini, akainua yake, na karani naye vilevile. Wakamwombea Bi Azza, mtu ambaye hawakupata kumwona, na Kaltham akaitikia amin huku analia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.