Manti ya Arobaini

Usiku wa jana niliota nimeitwa na kijiko. Si kuitwa kwa mapenzi, ni kuitwa kama unavyoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Lusin," kikasema. "Au Aylin. Leo utaamua nikuite nani."

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Arusha, juu koti langu jeupe la famasi, chini kanga. Kijiko kilikuwa mezani, kile kile cha mchuzi cha siku zote. Kwamba kinasema, hilo halikunishangaza. Nilishangaa kinajua majina yangu yote mawili, maana hapa mtaani mimi ni Lusi tu, basi.

Niwaeleze kidogo, la sivyo mtaona ni upuuzi mtupu. Baba yangu ni Mturuki wa mji wa Kayseri, alikuja Tanzania kujenga barabara. Mama yangu ni Mwarmenia wa Addis Ababa. Na kwa nini Waarmenia wako Addis Ababa? Kwa sababu mama yake Bibi Siranush, bibi yangu mzaa mama, alitolewa kwao akiwa na miaka saba, mwaka 1915, Waarmenia walipofukuzwa majumbani na serikali ya Waturuki na kutembezwa kwa miguu kuelekea jangwani. Walitoka nyumbani watu sita. Jangwani alifika yeye peke yake, na mwishowe akaishia Addis. Na huko kwao alikotolewa ni Kayseri hiyo hiyo.

Lusin ni mwezi kwa Kiarmenia. Aylin nalo ni jina la mambo ya mwezi, kwa Kituruki. Hayo ndiyo mapatano pekee ambayo pande mbili za ukoo wangu zimewahi kufikia.

Sasa, leo ni arobaini ya kuzaliwa kwa mwanangu wa kwanza, Ndeshi. Arobaini wanaijua Waturuki, wanaijua Waarmenia, na wanaijua majirani zangu, kwa hiyo hakuna aliyekubali kukosa. Bibi Nezihe, mzaa baba, miaka themanini na nane, ametoka Kayseri. Bibi Siranush, miaka tisini, ametoka Addis. Tangu wazazi wangu waoane, hawa wawili hawajawahi kuketi chumba kimoja. Tangu Ijumaa wako kwangu, wamekutana koridoni mara nne, na mara zote nne wameinamishiana vichwa kama watu wanaopishana hospitalini. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikaahidi kupika manti.

Manti ni vipande vya unga vidogo kuliko kucha, ndani nyama ya kusaga, juu mtindi wenye kitunguu saumu. Bibi Nezihe anazifunga pembe zote nne, anazichemsha. Bibi Siranush anabana ncha mbili tu, katikati anaacha wazi nyama inaonekana, anazioka. Nilifundishwa na wote, kila mmoja na likizo yake. Mpaka leo mkono wa kulia unafunga, wa kushoto unaacha wazi, nikijisahau natoa sahani moja yenye aina mbili. Wenzangu hukosea chumvi. Mimi hukosea hivyo.

"Jaza arobaini," kikasema kijiko.

Hiyo ndiyo kanuni ya Kayseri: manti za mwanamke aliyelelewa vizuri zinaenea arobaini katika kijiko kimoja. Mimi ni mfamasia, kuhesabu vidonge ndiyo kazi yangu, wala sikubishana. Nikajaza. Thelathini na tisa zikaenea vizuri kabisa. Nikatafuta ya arobaini, hakuna. Unga umekwisha, nyama imekwisha.

"Ya arobaini iko wapi?"

"Imelala," kikasema kijiko. "Ikiamka utaletewa."

Hapo zile zilizo wazi zikaanza kusema, zote kwa pamoja. Tulikuwa na kisima. Tulikuwa na mti wa tufaa nyuma ya nyumba. Mlango wetu ulikuwa wa buluu. Zilizofungwa zikawa zinaguna tu: mmh, mmh, mmh.

Huo mguno naujua. Ndio mguno wa chakula cha jioni kwetu. Nikiwa na miaka tisa niliuliza mezani kwa nini Bibi Siranush haji kwetu hata mara moja. Baba akasema, "Nipe chumvi." Nikampa. Mama akasema, "Umeshiba?" Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba hata kidogo.

Simu ya getini inalia. Ni Lemburis, askari wetu.

"Dada Lusi, kuna mgeni hapa anasema anaitwa Historia. Nimempa kitabu cha wageni ajaze, amekimaliza chote. Nimpe kingine?"

Natoka. Historia amesimama nje ya geti, mwembamba, koti la mvua, viatu vimejaa mchanga. Lemburis amempa shikamoo na yeye ameitikia marahaba kwa heshima zote.

"Nimesimama hapa tangu kabla hujazaliwa," anasema Historia. "Naomba kiti tu. Na maji, kama yapo."

"Samahani sana," nasema. "Kwetu historia hailetwi mezani."

Hilo ni sharti la baba yangu. Amelisema mara nyingi mpaka naamini limeandikwa mahali.

Historia anafikiri. "Na meza kuletwa kwa historia?"

Namwangalia Lemburis. Lemburis anasema hilo halijakatazwa, kwa hiyo linaruhusiwa. Basi tunabeba meza, yeye upande ule, mimi upande huu, tunaitoa getini.

Ilipofika nje meza ikaanza kurefuka. Barabara ya lami ya mtaani kwetu ikawa tambarare ya mchanga, na meza ikaenda, ikaenda, mpaka mwisho mmoja ukafika Kayseri, chini ya mlima wenye theluji, mwisho mwingine Addis, kwenye uwanja wa nyumba ya Bibi Siranush. Mlimani amekaa Bibi Nezihe na kitambaa chake cheupe kichwani. Addis amekaa Bibi Siranush na miwani yake. Hawaonani.

"Mwambie manti zake zimepasuka," anasema Bibi Nezihe.

Nikaanza kutembea. Jamani, nilitembea! Na kila nikipiga hatua umri unapungua. Niliondoka nina miaka thelathini na nne, nikafika nina tisa, soksi zimeshuka, meno mawili sina.

"Anakusalimu," nikamwambia Bibi Siranush.

"Mwambie zangu hazina cha kuficha."

Nikarudi. "Anakushukuru," nikamwambia Bibi Nezihe.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa, msinione mwongo. Julai Kayseri, Januari Addis, na katikati mimi na salamu zangu, nyingine nimezitunga mwenyewe kwenye ndege. Nilijua wazi kwamba nikifikisha neno moja lilivyo, wazazi wangu wataachana na itakuwa kosa langu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Mtoto huwa hahitaji kuambiwa.

Safari ya tano nikamkuta Bibi Siranush anaongea peke yake, na anaongea Kituruki.

"Ala! Bibi, unakijua?"

"Mama yangu alinibembeleza kwa Kituruki," akasema. "Kayseri watu wetu wengi walikuwa wakikisema nyumbani. Ni cha jikoni tu, lakini kinatosha."

"Sasa miaka yote hii mimi nabeba maneno ya nini?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nikakaa chini mchangani nikalia, nina miaka tisa, nalia kwa hasira. Hata kwenye ndoto miguu iliniuma.

"Ukimaliza," ikasema sauti mezani, "nigeuze."

Lilikuwa sinia.

Hili sinia lipo kweli. Ni la shaba, zito, zawadi ya Bibi Nezihe kwa Ndeshi. Alinikabidhi siku aliyofika, akasema, "Lilikuwa la kwetu tangu babu yangu. Usiligeuze." Mimi Ijumaa nikaliosha, na ukiosha sinia utaligeuza, hakuna namna. Chini pamechongwa herufi. Ni za Kiarmenia, mama alinifundisha utotoni kimya kimya ili baba asijisikie vibaya. Vartuhi, 1902. Jina la mwanamke. Si wa kwetu, Bibi Siranush hajawahi kumtaja. Ni mwanamke fulani aliyekuwa na sinia, halafu akawa hana.

Nikalifunika kwa kitambaa, nikalipandisha kabati la juu kabisa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu Elibariki. Nilijifanya sijaona. Ni kazi niliyoizoea.

"Hairuhusiwi," nikaliambia sinia.

"Nimelalia mgongo zaidi ya miaka mia. Unaniwasha. Nigeuze."

"Subiri wageni waondoke."

"Wewe ulisubiri. Ukapata nini?"

Kijiko kikagonga meza. "Ya arobaini imeamka!"

Nikatazama. Katikati ya sinia amelala mwanangu Ndeshi, juu ya duara la unga, siku arobaini kamili. Meza ikafupika ghafla ikawa ya kwetu ya jikoni, na bibi zangu wawili wako huku na huku, mikono ina unga, na mimi nimerudishiwa umri wangu.

"Afungwe au aachwe wazi?" kikauliza kijiko. Kiliuliza kama karani wa dirishani, bila hata kunitazama.

Bibi Nezihe ananyoosha vidole. Vidole vyake navijua, ni vyepesi ajabu, vinabana manti kabla hujapepesa. Vinashuka kwenye uso wa mwanangu taratibu, kwa upendo. Hicho ndicho kilichonitisha, upendo wenyewe. Vinashika midomo yake midogo, kimoja juu, kimoja chini.

"Asimfunge mdomo!" nikapiga kelele. "Bibi, niache, huyu usimfunge!"

Bibi Nezihe akasimama hapo hapo. Aliyenijibu ni Bibi Siranush.

"Na ukimwacha wazi utamjaza nini? Mimi walinijaza kabla sijaota meno. Watu watano waliokufa, kila usiku kabla ya kulala. Nilikuwa mtoto mdogo, Lusin. Nilikuwa nataka hadithi ya sungura."

Nilimwonea huruma. Nikamtazama Bibi Nezihe, na yeye midomo yake imebanwa, pembe zote nne, nani ajuaye na nani. Na yeye alikuwa mtoto. Na yeye aliambiwa usigeuze.

"Kwanza mtoe mtoto," likasema sinia. "Halafu ndiyo mniguse."

Nikamwinua mwanangu nikamweka kifuani. Kwa mkono mmoja nikaligeuza sinia. Likalia sana, mlio wa shaba, mpaka Lemburis kule getini akasema amina. Unga ukamwagika ukaingia kwenye herufi, zikatokea nyeupe pe.

Historia akaingia bila kubisha. Akainama, akasoma, akasema, "Ndiye huyu." Akavuta kiti cha nne, kile cha dirishani ambacho kwetu huwekwa mifuko ya soko. Akakaa, akavua viatu, akakung'uta mchanga chini.

"Mtindi upo?" akauliza.

"Upo."

"Nilijua," akasema Bibi Nezihe. Hakumwambia Historia. Alimwambia Bibi Siranush, kwa Kituruki, na hakunitazama nimbebee. "Nilijua tangu nina miaka kumi na mbili."

Bibi Siranush akafungua mdomo amjibu, na mimi nikaamka.

Ndeshi alikuwa analia, anataka ziwa. Nje kumekucha, saa kumi na mbili na nusu, Elibariki amelala fofofo. Nikambeba mtoto na kanga yangu nikaenda jikoni kupasha maji.

Taa ilikuwa inawaka. Bibi Nezihe ameketi mezani na kitambaa chake cheupe, anakata unga. Mbele yake lipo sinia. Kitambaa nilicholifunikia kimekunjwa vizuri pembeni, na kiti alichopandia kufikia kabati bado kiko pale, miaka themanini na nane, Mungu wangu. Sinia limegeuzwa, mgongo juu. Mtu amesugua unga kwenye herufi ili zionekane, na kidole gumba cha Bibi Nezihe ni cheupe.

Manti alizokwisha kutengeneza zilikuwa wazi. Zote.

"Bibi," nikasema. "Mbona hujazifunga?"

"Vidole vimechoka," akasema. Akaendelea kukata unga. Halafu akasema, "Baba yangu alisema ni amana, ya jirani. Nikamuuliza ya jirani gani, akanipiga kofi. Ndiyo mara pekee aliyonipiga maishani."

Nikambembeleza mtoto.

"Nimelibeba kwenye ndege kwa mikono yangu," akasema. "Nikifika nitasema, nilijiambia. Nikafika nikasema usiligeuze. Mdomo ulisema wenyewe." Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza. "Hili ni jina la mtu, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi. Nikusomee?"

"Najua wewe unaweza kusoma, uliliosha Ijumaa, nilikuona." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sitaki unisomee wewe. Umetubebea vya kutosha. Niitie bibi yako yule mwingine. Mwambie namwomba aje anisomee. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema, Aylin, usipunguze neno."

Nikageuka niende. Hapo ndipo nilipoona kiti cha dirishani. Mifuko ya soko ilikuwa imewekwa sakafuni, na kiti kimevutwa nyuma, kama mtu alikaa akaondoka, au bado yupo. Chini yake palikuwa na mchanga. Si udongo wetu mweusi wa hapa. Ulikuwa mchanga wa njano, mkavu, kiasi cha kujaa viatu viwili.

Nilinyoosha mkono nichukue ufagio. Nikauacha. Nikaenda kumgongea Bibi Siranush, na mwanangu kifuani analia kwa sauti yake yote, mdomo wazi.