Jirani Aliyepinga Utumwa

Kazi ya Keziah majira yale ya baridi ilikuwa moja tu: moshi utoke. Bwana wake, Harlan Teague, alikuwa amejikatia ardhi upande wa Kansas, akasimamisha kibanda cha magogo, kisha huyo, akarudi zake Missouri kwenye nyumba yenye joto. Sheria ilitaka mtu aishi pale, la sivyo yeyote angeivamia. Basi akamwacha mtumwa wake aishi kwa niaba yake. Na ili asitoroke, akabaki na Tamar, binti wa Keziah wa miaka minane, ng'ambo ya mto, huko Missouri. Kulikuwa na haja gani ya mnyororo tena?

"Shangazi, moshi ukikatika, na mimi nitakata kitu," alimwambia siku ya kuondoka, kwa jina ambalo wazungu waliwaitia watumwa wa kike, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, Teague. Mungu amlaani.

Jirani wa karibu alikuwa Orrin Whitcomb, mtu wa Indiana huko kaskazini, na mkewe Lovina. Orrin alichukia utumwa, na hakuna aliyesimama naye kidogo bila kuambiwa hivyo.

"Watu kama bwana wako wameipasua nchi hii vipande viwili, Keziah," alisema siku moja alipopita kibandani. "Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja hatusemeshani kwa ajili yao. Kukaa meza moja na mtu wa Missouri? Afadhali nile na nguruwe."

"Nguruwe naye ana heshima yake, bwana," Keziah akajibu, na Orrin akacheka mpaka akapaliwa.

Ndiyo maana Keziah akathubutu kumwomba. Teague alikuwa ameahidi kumleta Tamar akae naye siku chache za Krismasi. Je, Orrin angewapakia kwenye gari lake la farasi, awapeleke Iowa, kusikokuwa na utumwa? Orrin alijikuna ndevu, akaangalia ardhi ile ya Teague kutoka kisima mpaka mtoni.

"Mlete mtoto mpaka mlangoni kwangu asubuhi ya Krismasi," alisema. "Farasi watakuwa tayari. Ahadi yangu hiyo."

Keziah hakuwa mjinga. Alijua kwamba akiondoka, moshi utakatika, na Orrin ataichukua ardhi. Na aichukue! Aichukue pamoja na kibanda chake na baridi yake. Yeye alimtaka mwanawe, basi.

Katikati ya Desemba wanaume waliohamia Kansas kutoka kaskazini walikwenda kupigia kura katiba yao. Lovina alikuja kumpa habari, lakini hakuingia ndani.

"Wamepitisha, Keziah. Kansas haitakuwa na utumwa."

"Ashukuriwe Mungu!"

Lovina akawa anasokota ncha ya aproni yake. "Na wamepitisha kwamba watu weusi wasiishi hapa. Hata walio huru. Orrin naye ameipigia kura."

"Kwani nani anataka kuishi hapa, bibi? Sisi ni watu wa Iowa." Keziah alicheka, lakini usiku ule hakulala.

Mkesha wa Krismasi Teague alimleta Tamar juu ya farasi, akamshusha, akasema anakwenda kuwasalimu marafiki. Keziah akadhani amekwenda mjini kulewa na wenzake, kama kawaida yake. Asubuhi alifunga sufuria na blanketi zote katika bunda moja, akamshika mtoto mkono.

"Mama, Iowa kuna theluji?"

"Ipo, tena nyingi. Tembea."

Nyumba ya Whitcomb ilinukia nyama ya kuoka. Lovina alifungua mlango, akawaona, akapauka. "Rudi," alinong'ona. "Jamani, rudi!"

Wapi! Nyuma yake, mezani, alikaa Harlan Teague na paja la bata bukini mkononi, na Orrin alikuwa akimmiminia kahawa.

"Keziah?" Teague akasema. "Na mzigo wote huo?"

Akili ya mtu aliyebanwa hukimbia. "Zawadi ya Krismasi, bwana!" alipaza sauti. Huo ndio mchezo wa siku ile: mtumwa akiwahi kulitamka neno hilo kabla ya mzungu, lazima apewe kitu. Teague akapiga meza kwa kicheko.

"Ameniwahi! Tena kaja na bunda la kubebea. Tamaa hiyo, shangazi! Haya, zawadi ninayo. Nimemuuzia Whitcomb ardhi. Kansas imejaa watu wa kaskazini, mtu hapati usingizi na mali yake. Nahamia Texas, na wewe utakwenda kunipikia. Mtoto namwachia dada yangu. Anaolewa, anataka kijakazi atakayemkuza mwenyewe."

Keziah alimgeukia Orrin. Orrin alikuwa akikata nyama yake vipande vidogo vidogo, kama anayemlisha mtoto.

"Bwana Orrin," alisema, akapiga magoti. "Uliniahidi. Mwambie ulichoniahidi."

Teague akaacha kutafuna. "Ulimwahidi nini?"

"Sijui anasema nini huyu mwanamke," Orrin akajibu.

"Orrin!" Lovina akalia.

"Nyamaza wewe." Kisha akamwambia Keziah kwa sauti ya upole kabisa, ya jirani kwa jirani: "Ila usiache moto uzime mpaka tuandikishe ardhi. Watu wa huku ni wezi."

Teague alimaliza paja lake, akajifuta mikono, akatoka. Hakuona haja ya kungoja siku za Krismasi ziishe. Alimnyanyua Tamar na kumketisha nyuma yake juu ya farasi. Mtoto hakulia, maana mambo ya wakubwa yalikuwa yamempita.

"Mama," alisema, "tunatangulia? Wewe unakuja nyuma?"

Keziah alikuwa hajawahi kumdanganya mwanawe tangu amzae, hata alipomuuliza baba yake aliuzwa wapi.

"Nakuja, mwanangu," alimwambia. "Mshike bwana vizuri, usije ukaanguka."