Nimekuja Kukusumbua

Ofisi ilikuwa ikitengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na Mhariri alikuwa amepewa herufi ya B. Alipofika kwenye "bother", neno la kila siku lisilo na makuu, alidhani atalimaliza kabla ya chai. Maana zilikuja bila taabu: kusumbua, kusumbuka, usumbufu, kero ndogondogo. Kazi ilikuwa kwenye mifano. Aliandika minne, akaisoma kwa sauti: usijisumbue, sitaki kukusumbua, nisingependa kumsumbua mtu, usisumbuke kuja.

"Neno lenyewe watu wanalitumia kukatalia tu," alimwambia mwenzake wa meza ya pili.

"Watu gani hao? Mifano umeitoa wapi?"

Mhariri akaisoma tena, safari hii kimoyomoyo. Alikuwa ameitoa kwa baba yake, neno kwa neno.

Baba yake, seremala mstaafu, aliishi peke yake upande wa pili wa mji tangu afiwe na mkewe, na sasa kiuno kilikuwa kimeanza kumgomea. Kila jioni bintiye alimpigia simu kuuliza kama aende, na kila jioni aliambiwa asijisumbue. Mara ya mwisho alikwenda bila kuuliza, na vikapu viwili vya chakula. Mzee alimrudishia kimoja na nusu, kisha akajikongoja kumsindikiza mpaka kituoni, jasho linamchuruzika, anatabasamu kama bwana harusi. Mhariri alilia njia nzima ndani ya basi. Aliogopa kwamba siku moja mzee angeanguka mle ndani, akae sakafuni kutwa nzima, na asipige simu kwa sababu hataki kumsumbua mtu.

Jioni hiyo, alipotoka ofisini, alikipindua kiti kimoja cha meza yake ya chakula, akaazima msumeno kwa jirani, akakikata mguu mmoja. Si kazi ndogo kwa mtu wa kalamu.

Jumamosi alipiga hodi, kiti kwapani.

"Baba, nimekuja kukusumbua. Kimevunjika hiki, na mafundi wa kwetu wananizungusha wiki nzima."

"Mafundi wa siku hizi!" Mzee alikuwa amekwisha kukipokea. "Pita, pita, mwanangu. Weka chai."

Akatandika gunia chini ya dirisha, akashusha boksi la vifaa, akaanza kupiga mluzi. Mhariri alimtazama kutoka jikoni, roho yake kwatu. Halafu mluzi ukakoma. Mzee aliuinua ule mguu wa kiti kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale ulipoachana na kiti.

"Mbao ikivunjika inaacha vibanzi," alisema taratibu. "Hii imekatwa. Tena kwa msumeno butu, na mtu asiyejua msumeno unashikwa wapi. Hebu nione mikono."

Mhariri akafungua viganja. Malengelenge matatu.

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hiyo nalisha nyumba kwa msumeno, kumbe nimezaa muuaji wa viti!" Mhariri naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka chai ikafurika jikoni.

"Ungenikubalia nije bila kiti?" aliuliza, akijifuta machozi.

Mzee aliuweka chini ule mguu wa kiti. "Naogopa," alisema. "Nikikuachia leo unishike mkono, kesho utataka kunibeba."

"Sikubebi, Baba. Kiti chenyewe kimenitoa ulimi."

Mzee akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Kuna kitu kimoja," alisema. "Kucha za miguu. Sizifikii tena. Viatu vinaniua."

Furaha ilimjaa Mhariri mpaka akaona haya. Alikuwa hajawahi kuombwa kitu kikubwa kama hicho. Alikimbilia beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni na mkasi, akapiga magoti juu ya gunia, akaanza na mguu wa kulia.

"Polepole. Usikate kwa pupa," mzee alisimamia kutoka juu. "Hapo umeenda upande."

"Baba, hizi ni kucha, si mbao."

"Ndiyo maana nasema polepole. Mbao zinauzwa dukani."

Mhariri alipomaliza kidole kile kidogo cha mwisho, mzee alivichezesha vidole vyake vyote, akavitazama kwa muda. Kisha, bila kuambiwa, akamnyooshea mguu wa kushoto.