Wa Kwanza Kuandikwa

Asubuhi moja ya Novemba 2015, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Herieth alikwangua tope viatuni, akaingia chumba cha uandikishaji na kuwasha kompyuta. Ndihokubwayo, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa tayari dirishani. Mkewe alikuwa amejifungua. Epifania, mama yake Ndihokubwayo, alisimama kando yake amembeba mjukuu.

"Jina la mtoto?" Herieth aliuliza.

"Pacifique, mama."

Herieth aliandika, akabonyeza. Mashine haikulalamika. Epifania akatoweka, na kichanga kikaanza kushuka taratibu, kama unyoya. Ndihokubwayo alikidaka, akashukuru, akaondoka akimwita mama yake.

Epifania alikuwa nyuma ya Herieth, ameketi kwenye benchi.

"Nimetolewa, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi. Programu inaipa kila kaya nafasi nane. Akiingia wa tisa, aliyeandikwa wa kwanza anasukumwa nje."

"Siku tuliyofika hapa kutoka Manyovu, kule mpakani, mwanangu Ndihokubwayo alisema nitangulie kuandikwa. Kwa heshima."

"Nakumbuka. Ni mimi niliyekuandika."

Herieth alimfuata bosi wake, Makarius, akaomba nafasi ziongezwe. Makarius alisema programu inatoka makao makuu, na huko walishapiga hesabu ya wastani wa kaya. Nane zinatosha na kubaki. Alivuta mguu ili asimkanyage Epifania, aliyekuwa amemfuata Herieth, akaendelea na chai yake.

"Naweza kumfuta mtoto, nikakurudisha wewe," Herieth alisema waliporudi.

"Na yeye atakaa wapi?"

Herieth alitazama benchi.

"Hata kunyonya hajajua vizuri," Epifania alisema. "Mwache."

Jioni Ndihokubwayo alipita akiuliza kama kuna aliyemwona mama yake. Epifania alimsogelea hadi begani, akamwita kwa Kirundi, jina la utotoni. Ndihokubwayo alifunga vifungo vya koti, kama mtu aliyeingiwa na baridi, akaenda kuuliza kwingine.

Wiki iliyofuata benchi lilijaa wengine waliotolewa. Herieth aliomba mkeka stoo, akapewa bila swali.

Kisha akaja mama mmoja na kichanga mgongoni. Baba yake mzazi alimfuata polepole, akiegemea mkongojo.

"Mko wangapi nyumbani?"

"Nane. Huyu wa tisa."

"Nani aliandikwa wa kwanza?"

"Baba," alisema yule mama, kwa fahari.

Nyuma ya Herieth, Epifania alijisogeza mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Herieth akauliza jina la mtoto.