Goti la Katikati ya Uwanja

Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha mashine yake, mkata nyasi wa klabu aliona mashimo mawili katikati ya uwanja, kila moja saizi ya kiatu namba arobaini na nne. Alijua ni ya nani. Aliyajaza mchanga, akashindilia kwa kisigino, akamwagia maji, kisha akaendelea kukata nyasi zake mstari kwa mstari. Jumatatu iliyofuata mashimo yalikuwa palepale, na kina kilikuwa kimeongezeka vidole viwili.

Mwenye viatu alikuwa kiungo mkabaji wa timu, na watu walimwita Geti. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na kazi moja tu. Mtu akija na mpira katikati ya uwanja, Geti anateleza na nyasi, mpira unabaki, mtu anaendelea na safari yake bila mpira. Enzi hizo kila timu ilikuwa na mtu wa namna hiyo, na washambuliaji walianza kuulizia habari zake wakiwa bado ndani ya basi. Siku hizi wamebaki wachache kama simu za mezani. Klabu zinataka vijana wepesi wa pasi fupi fupi, wanaocheza dakika tisini na kurudi nyumbani na bukta safi, na mama zao wanafurahi.

Mwalimu mpya wa klabu alikuwa mtu wa pasi. Siku yake ya kwanza alichora mishale tisa kwenye ubao, mmoja kwa kila mchezaji wa ndani, na kwa Geti akaweka nukta.

"Wewe kaa hapo tu," alimwambia. "Usitoke. Mpira wa sasa unazunguka, na mimi nataka kitu kimoja kisichozunguka."

"Sawa, mwalimu," alisema Geti, ambaye maisha yake yote alikuwa akibishana kwa miguu tu.

Akakaa. Na kwa kukaa akaanza kuzama. Mechi ya kwanza alizama hadi kwenye kamba za viatu, ya nne hadi kwenye vifundo. Kipenga cha mwisho kilipolia, wenzake wawili walimshika makwapa wakamng'oa, wakaenda zao kuoga. Mwamuzi aliandika kwenye ripoti kwamba uwanja ulikuwa laini kidogo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na chini ya vitambaa, kwenye droo ya cherehani, aliweka fomu ya kuumia kazini. Fomu hiyo ilihusu goti la kulia la mumewe. Goti hilo liliumia mwaka wake wa tatu klabuni. Daktari wa klabu aliandika wiki sita za mapumziko, mwalimu wa wakati huo akachukua kalamu, akakata ile sita na kusema Jumamosi kuna mechi na majirani. Daktari akatoa sindano. Mwalimu akauliza, "Vipi?" na Geti akajibu, "Niko fiti, mwalimu." Tangu hapo mambo yalikwenda hivyo hivyo kila msimu: wiki sita, kalamu, sindano, niko fiti. Walimu watano walipita, kalamu ikawa ileile.

Sasa daktari wa mifupa hospitalini alikuwa ametamka wazi. Goti lisipopasuliwa kabla ya mwaka kuisha, mguu hautakunjika tena. Hospitali ilikuwa tayari. Kilichohitajika ni fomu ile tu, ikiwa na sahihi ya daktari wa klabu na muhuri wa katibu.

"Nitasaini, shemeji," daktari wa klabu alimwambia mke wa Geti. "Leo nina haraka. Njoo mechi ya kumi na moja ikiisha."

Mechi ya kumi na moja ilipoisha Geti alikuwa amezama hadi katikati ya mapaja. Wenzake walivuta, wakapumzika, wakavuta tena. Nahodha alisema mgongo wake una historia. Wakamwachia chupa ya maji na jaketi, wakaenda kuoga.

Mkewe alifika na fomu mkononi. Alimkuta mumewe amesimama katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri lifti ije, na daktari amesimama kando yake.

"Goti liko wapi?" daktari aliuliza.

"Hapo," alisema mke, akaonyesha chini.

Daktari aliinama, akatazama kwa muda wa kutosha. "Hapo mimi naona nyasi. Siwezi kusaini goti nisiloliona, shemeji. Nitakuwa nimedanganya, na mimi nina kiapo."

Mke alienda moja kwa moja kwenye stoo ya mkata nyasi, akaazima sepetu. Alikuwa ameshachimba mara mbili mwalimu alipotoka mbio kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

"Shimo?" mwalimu alisema. "Katikati ya uwanja? Na mpira wangu utazungukaje, mama?"

"Nataka goti tu, mwalimu. Mengine nitakuachia."

"Msimu ukiisha," alisema mwalimu, akalirudisha bonge la udongo mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, akalipigapiga. Alikuwa mtu anayeupenda uwanja, lazima tumpe haki yake.

Geti aliendelea kucheza. Akiwa ndani ya ardhi hadi kiunoni alikaba kwa tumbo, akiwa hadi kwapani alikaba kwa kifua, na waliokuwa wakija na mpira waliondoka bila mpira kama zamani. Timu moja ililalamika. Chama cha mpira kilijibu kwa barua: kitu chochote ambacho zaidi ya nusu yake imo ardhini kihesabiwe kuwa sehemu ya uwanja. Katibu wa klabu alikuwa mtu wa karatasi. Alipoisoma barua ile alifungua daftari la wachezaji, akafuta jina la Geti kwa rula, kisha akafungua daftari la vifaa. Chini ya vibendera vya kona, vinne, na juu ya nyavu za magoli, jozi mbili, akaandika: kiungo mkabaji, kimoja.

Hapo klabu ikapata nafasi ya kuingiza mtu wa kumi na moja. Wakaleta kijana aliyeitwa Hariri, mwenye pasi tamu na soksi zilizovutwa vizuri. Sasa wakawa wachezaji kumi na mmoja na kifaa kimoja, na wakaanza kushinda. Magazeti yaliandika kuhusu mfumo wa mwalimu. Mtangazaji mmoja alisema wakabaji wamepitwa na wakati, na timu hii ni ushahidi, kwani haina hata mmoja.

Kufikia mzunguko wa pili nyasi zilikuwa zimemfunika Geti utosi. Mipira ya wageni iliyopita pale ilisimama ghafla, kimya kimya, na mwenye mpira akaendelea mbele hatua tatu nne kabla hajagundua. Hariri alikuja akauokota kwa ncha ya kiatu na kupiga pasi. Watu walimshangilia sana Hariri.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mkewe alikwenda uwanjani. Alivua viatu kwenye mstari wa pembeni, maana mkata nyasi alimwomba hivyo, akatembea peku hadi katikati na kulala kifudifudi ili wasikilizane.

"Mmeshindaje?" ilisema sauti kutoka chini.

"Salama. Umekula?"

"Hakuna njaa huku. Watoto?"

"Wanakusalimia. Mkubwa anauliza kama unaona kitu."

"Mwambie nasikia viatu. Kila mmoja namjua kwa kishindo chake. Hariri hana kishindo kabisa, nadhani ni mgonjwa."

"Na goti?"

"Hilo lipo," alisema.

Mke alitoa chupa ya dawa ya kuchua kwenye pochi, ileile ya miaka yote, yenye harufu inayofika chumbani kabla yako. Akamimina kiganjani, akaanza kuchua nyasi.

"Kulia kidogo," alisema Geti. "Hapo. Hapo hapo."

Alichua hadi mkono ukamchoka. Alikuwa na hasira, tena si kidogo. Alimkasirikia mwalimu, daktari na katibu, na zaidi ya wote alimkasirikia yule aliyekuwa chini yake, kwa sababu alimpenda na kwa sababu alijua atakachosema wakimuuliza.

"Sikiliza, baba watoto," alisema. "Daktari hasaini kwa sababu halioni goti, na mwalimu hachimbi kwa sababu anajua umeridhika. Siku wakikuuliza, sema unaumwa. Neno moja tu. Wakisikia kwa mdomo wako, itawabidi wachimbe."

"Hawaulizi."

"Wakiuliza."

"Wakiuliza nitasema."

"Niahidi."

"Naahidi," ilisema ardhi.

Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Wiki ya tano mkata nyasi aliona doa la manjano katikati ya uwanja, kubwa kama sinia. Alilinusa, akajua. Alikuwa mtu mwema na alimheshimu mke wa Geti, lakini nyasi ikigeuka manjano imegeuka manjano, na kazi yake ilikuwa kuripoti. Alikwenda ofisini amevua kofia.

Jumapili ile mke wa Geti alikuta watu katikati ya uwanja: mwalimu, katibu na daktari, wote peku, suruali wamezikunja. Mkata nyasi alisimama pembeni akitazama vidole vyake vya miguu. Hakuna aliyemgombeza mke. Walimpisha.

Daktari alikuwa amepiga magoti. Alibonyeza doa kwa kidole gumba, akaligonga kwa vidole viwili, akaweka sikio. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akimpima mgonjwa kwa uangalifu namna ile.

"Limechoka sana hili," alisema. "Limefanyiwa kazi kupita kiasi. Linahitaji wiki sita. Lisikanyagwe, lisichezewe, lizungushiwe kamba." Akaandika hayo yote kwenye karatasi ya klabu, akasaini bila kuombwa. Katibu akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga.

Mke aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaitoa fomu yake kwenye pochi, akaikunjua na kuiweka juu ya nyasi kando ya ile nyingine.

"Ni goti hilohilo," alisema. "Daktari, umelipima sasa hivi. Kalamu bado iko mkononi mwako."

Daktari alimtazama katibu.

"Fomu hiyo ni ya wachezaji, dada," alisema katibu, kwa upole wa kweli. "Hiki kiko kwenye vifaa. Nikigonga muhuri hapo, madaftari mawili yatagombana."

"Basi muulizeni mwenyewe," alisema mke. "Yupo, anasikia. Muulizeni kama anaumwa. Akisema anaumwa mtachimba?"

Wale wanaume walitazamana. Katibu alisema hajui kanuni yoyote inayokataza. Daktari alisema mgonjwa akieleza dalili zake, huo nao ni ushahidi. Mkata nyasi, bila kuambiwa, alikwenda stoo na kurudi na sepetu, akaisimamisha mbele yake na kuishika kwa mikono miwili.

Mwalimu alikuwa akisoma karatasi ya daktari.

"Wiki sita," alisema hatimaye. "Na Jumamosi tuna majirani." Akatoa kalamu, akakata ile sita, taratibu, kwa mstari mmoja.

Daktari hakubisha. Alifungua mkoba wake, akatoa sindano, akaijaza, akapangusa nyasi kwa pamba yenye spiriti. Akadunga palepale kwenye manjano, akasukuma hadi mwisho, kisha akapafunika kwa kidole gumba ili dawa isirudi.

Mwalimu alichuchumaa. Mke wa Geti alishika nyasi kwa mikono yote miwili, akasogeza mdomo karibu na ardhi. "Sema," alinong'ona. "Uliniahidi."

"Vipi?" mwalimu aliuliza.

Mkata nyasi aliinua sepetu kidogo.

"Niko fiti, mwalimu," ilisema sauti kutoka chini.

Mwalimu alipapigapiga mahali pale kama mtu anayempiga mwenzake begani, akasimama, akajipangusa magoti. Mkata nyasi aliirudisha sepetu stoo. Mke wa Geti aliikunja fomu, akakaza kizibo cha chupa ya dawa, akavaa viatu vyake nje ya mstari, na Jumamosi mechi ikachezwa.