Pamoja na Vilivyo Chini Yake

Usiku wa jana niliota ninatafsiri hati ya shamba, na hati inalalamika baridi. Ilikuwa ngozi ya kondoo, kama zilivyo hati za Ulaya ya kale ninazoletewa kazini kwa sababu nilisoma Kilatini seminarini kabla upadri haujanishinda. Nilifunga dirisha. Ikashukuru.

"Andika," ikasema. "Wajue waliopo na watakaokuja."

Nikaandika. Mlango ukafunguka, waliopo wakaingia wakaketi. Watakaokuja nao wakaingia, wakakaa sakafuni, kwani viti vyao vilikuwa havijatengenezwa. Hawakuwa na nyuso. Niliwaamkia hivyo hivyo, adabu ni adabu.

"Kwamba mimi nimetoa shamba langu," ngozi ikaendelea.

Ninapoandika neno shamba, meza yangu imo kibanjani kwetu Kamachumu, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Kaka yangu Mutashobya amesimama pale na mnunuzi. Mnunuzi ni koti refu, ndani hamna mtu. Hata nikiwa macho kaka anataka kukiuza kibanja hicho, nami nimekataa kutia sahihi, kwa sababu mama yetu amezikwa humo.

"Hati ya Kilatini haiwezi kuuza kibanja cha Wahaya," nilisema.

"Haiwezi," ngozi ikakubali. "Ila wewe unaitafsiri."

Nikaweka kalamu chini. Kalamu ikasimama yenyewe, ikaandika kwa mwandiko wangu: pamoja na vilivyo juu yake na vilivyo chini yake.

Mama akatoka kaburini. Akajipangusa udongo kwa kanga, akaketi juu ya saruji.

"Na mimi nimo?" akauliza.

"Umo, Mama."

"Nisomee."

Nilimsomea huku nalia. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza ripoti zetu za shule, bila kutia neno. Koti likatazama saa.

"Bado mashahidi," ngozi ikasema.

Zamani hizo wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo shahidi alivutwa sikio ili asije akasahau alichokiona. Hilo nalijua, limo katika hati nyingi tu, na siku zote nililiona la kuchekesha. Pale kibanjani halikunichekesha.

"Kazi hiyo naiweza," mama akasema.

Akanipita. Akamshika kaka sikio la kulia, akalivuta hadi kaka akasimama kwa ncha za vidole, mzee mzima mwenye wajukuu.

"Mama, mimi ni mtu mzima sasa!"

"Ndiyo maana. Mtoto angekumbuka mwenyewe."

Nikaamshwa na simu. Alikuwa kaka.

"Mdogo wangu, usinikasirikie," alisema. "Mnunuzi amekubali sahihi yangu peke yake. Nimeuza jana."

Maji yalikwisha mwagika. Nilidhani amekata simu, lakini nilimsikia akihema.

"Nikuulize kitu," akasema. "Mama alikuwa akituvuta sikio gani?"

"La kulia."

"Limevimba," akasema, akaanza kulia.